Mti Uliochunwa kwa Ajili ya Tezi

Malakisi ni mji mdogo magharibi mwa Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Mto wenye jina hilo huteremka kutoka Mlima Elgon, ukakutana na maji ya Malaba na kwenda zake upande wa Ziwa Kyoga, hatimaye Nile. Waliosoma historia ya Kenya wanaujua mji huu kwa siku moja: tarehe 10 Februari 1948, polisi walipowafyatulia risasi wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde na kuua watu 11. Wakulima wanaujua kwa kinu cha pamba, na kisha kwa tumbaku iliyonunuliwa na kampuni ya BAT. Mlima unaoutazama mji huo una zao jingine ambalo halikujengewa kinu wala kituo pale chini, ingawa jina lake limeandikwa kwenye vibandiko vya dawa katika maduka ya Paris na Milan. Zao hilo ni gome la mti.

Wanabotania wanauita Prunus africana. Wakikuyu wanasema muiri, jamii za Wakalenjin tenduet, na Waluhya wa upande wa Kakamega mwiritsa. Huota kwenye misitu ya baridi, kati ya mita 1,000 na 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari: Elgon, Cherangany, Timboroa, Kakamega, Mlima Kenya, na huko mbali Kameruni na Madagaska. Huweza kupita mita 30 kwa urefu. Gome lake la nje ni jeusi na limepasuka vipande vipande vya mraba. Ukilipiga panga, ndani ni jekundu, na mara hiyo harufu ya lozi inakupanda puani; majani yakisuguliwa mkononi hunuka vivyo hivyo. Ni harufu ya kemikali zinazotoa sianidi, kwa hiyo si kitu cha kuchemsha na kunywa ovyo. Mbao zake ni ngumu na zimetengenezewa mipini ya majembe na mashoka tangu zamani. Maua yake ni malisho ya nyuki, jambo linalowahusu sana Waogiek wa Chepkitale, huko juu Elgon, ambao asali ni chakula chao na mahari yao. Mbega na ndege wa msituni hula matunda yake machungu na kuzitawanya mbegu.

Je, wenyeji waliutumia kwa ugonjwa gani? Mwaka 1976 Profesa John Kokwaro wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha kitabu chake kuhusu mimea ya dawa ya Afrika Mashariki. Alichokusanya kuhusu mti huu ni mambo ya kawaida ya nyumbani. Gome hupondwa na kuchanganywa na maji, na maji yale mekundu hunywewa kwa maumivu ya tumbo. Majani hufukizwa kwa homa, au hunywewa ili mgonjwa apate hamu ya kula. Ng'ombe aliyefunga choo hupewa gome limwendeshe. Kinachotajwa hapo ni tumbo, homa na mifugo. Tezi dume, kiungo kilichokuja kuupa mti huu bei, ilitoka kwingine.

Ilitoka Ufaransa. Mwaka 1966 Jacques Debat, mwenye kiwanda cha dawa, alipata hataza ya dawa iliyokamuliwa kutoka kwenye gome hilo kwa ajili ya wanaume wenye tezi iliyovimba. Dawa ikapewa jina la Tadenan. Waitaliano nao wakatoa ya kwao. Wauzaji wana hadithi wanayopenda kuirudia: kwamba wasafiri wa Kizungu wa karne ya 18 walifundishwa siri hiyo na watu wa Afrika Kusini, waliokuwa wakitibu shida za kibofu za wazee kwa gome lililosagwa na maziwa. Huenda ina ukweli ndani yake. Lakini ni hadithi inayofaa sana kubandikwa kwenye boksi, maana inaipa dawa ukoo bila kumtaja mtu yeyote ambaye angeweza kudai fungu lake. Mwaka 1966 hakuna sheria iliyomlazimisha mtu kuuliza dawa imetoka msitu gani na kwa maarifa ya nani. Mkataba wa Bayoanuwai, ulioanza kuuliza maswali hayo, matini yake yalipitishwa jijini Nairobi Mei 1992, dawa ikiwa tayari imeuzwa kwa zaidi ya miaka 20.

Hesabu ya kazi yenyewe inashangaza. Kilo 2,000 za gome bichi hukauka na kubaki kilo 1,000. Kilo hizo 1,000 zikisagwa na kukamuliwa kiwandani hutoa kilo 5 tu za dawa. Kipimo cha kawaida ni miligramu 100 kwa siku, kwa hiyo tani mbili zilizobebwa mgongoni kutoka msituni zinatosha wanaume 137 hivi kwa mwaka mmoja. Wanaume wa Ulaya wenye tezi iliyovimba wanahesabiwa kwa mamilioni. Kufikia miaka ya 1990 watafiti wakiongozwa na Anthony Cunningham walikisia kwamba biashara ya dawa hizi madukani ilifika dola milioni 220 kwa mwaka. Aliyekwea mti kwa kamba na kuubandua alilipwa kwa kilo, na kilo ya gome ilikuwa rahisi.

Kameruni ndiyo iliyoumia zaidi. Kiwanda kilijengwa huko mapema miaka ya 1970, na kukawa na utaratibu mzuri kwenye karatasi: mti ugawanywe robo nne, ubanduliwe robo mbili zinazotazamana, kuanzia usawa wa kifua hadi tawi la kwanza, kisha uachwe miaka kadhaa upone. Mti huu una sifa adimu ya kuotesha gome jipya ukitendewa hivyo. Lakini wanaolipwa kwa kilo hawana sababu ya kuacha robo mbili. Miti ilibanduliwa kuzunguka shina lote mpaka kwenye matawi, mingine ikaangushwa ili kurahisisha kazi. Mti uliobanduliwa pande zote hukatikiwa na chakula kinachoshuka kutoka kwenye majani kwenda mizizini, ukakauka ukiwa umesimama.

Kenya nayo iliuza. Katika miaka ya 1990 msafirishaji mkuu alikuwa kampuni ya Jonathan Leakey, yule mwana wa Louis na Mary Leakey, wachimbuaji wa mabaki ya kale, aliyeokota taya la mtu wa kale Olduvai, Tanzania, mwaka 1960 na ambaye baadaye alihamia Baringo kufuga nyoka kwa ajili ya sumu. Lakini pia ni Kenya iliyopeleka pendekezo kwenye mkutano wa nchi za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini, mwaka 1994 kwamba biashara ya mti huu iwekewe vibali. Pendekezo lilipita, na tangu 1995 gome haliwezi kuvuka mpaka kihalali bila karatasi. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ulisimamisha kununua kutoka Kameruni.

Sasa turudi kwenye tezi, maana hapo ndipo penye kisa.

Tezi dume iko chini ya kibofu na imezunguka njia ya mkojo. Mwanaume anapozeeka, tezi hiyo huelekea kuvimba, na mkojo unatoka kwa shida, unakatika, unamwamsha usiku mara nne au tano. Kwa tatizo hilo gome lina ushahidi wa kiasi. Mwaka 2002 jopo la Cochrane, linalopima ushahidi wa tiba, lilikusanya majaribio 18 yenye wanaume 1,562 na kukuta kwamba waliotumia dawa ya gome walikuwa na uwezekano mara mbili zaidi wa kusema wamepata nafuu kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Safari za usiku zilipungua kwa asilimia 19. Majaribio mengi yalikuwa mafupi na madogo, lakini si haba kwa dawa ya mti. Hata hivyo ushindani ulikuwa umeshaingia: finasteride iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 na tamsulosin mwaka 1997, vidonge vya kiwandani ambavyo havihitaji msitu.

Ila kuna mwanaume wa pili, na huyu si mzee. Ana miaka 30 au 40. Anaumwa kwenye msamba, yaani pale kati ya korodani na haja kubwa, au chini ya kitovu, au kwenye kinena, na maumivu yamepita miezi mitatu, mwaka, miaka mitano. Akikaa kwenye bodaboda saa moja hawezi kutulia. Akitoka kwa mkewe anaumwa zaidi. Katika vituo vingi vya afya, na hasa kwenye maduka ya dawa, kitu cha kwanza kushukiwa ni ugonjwa wa zinaa, naye anapewa antibiotiki iitwayo siprofloksasini. Hapati nafuu, anapewa nyingine. Akichoka anaishia sokoni, kwa muuza mitishamba mwenye kipaza sauti na makopo ya unga mwekundu: «Mzee, hii ni ya kibofu, ya mgongo, ya nguvu, ya tezi!» Aliyeitwa mzee bado hana mvi.

Kwa karne nzima huyu wa pili aliwekwa kapu moja na wa kwanza. Maumivu yako karibu na tezi, basi tezi ndiyo yenye kosa. Madaktari wa mwanzoni mwa karne ya 20 walimkanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa mara kadhaa kwa wiki, wakidhani wanakamua usaha. Antibiotiki zilipokuja, zikachukua nafasi ya kidole. Mwaka 1968 Edwin Meares na Thomas Stamey walibuni njia ya kupima: mgonjwa akojoe kwa mafungu, tezi ikandwe katikati, kila fungu liende maabara peke yake. Njia ilikuwa nzuri, na majibu yake yalipaswa kuwatikisa watu kuliko yalivyowatikisa, kwa kuwa wengi wa wagonjwa hawakuwa na bakteria wowote. Mwaka 1978 George Drach na wenzake wakapanga wagonjwa hao kwa makundi, na kundi lisiloonyesha dalili yoyote ya uvimbe wala vijidudu likaachiwa jina lililomaanisha tu kwamba tezi inauma. Dawa ziliendelea zilezile.

Desemba 1995 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani ziliitisha kikao na kukubali kwa maandishi kile ambacho maabara zilikuwa zimesema kwa miaka 27. Zaidi ya asilimia 90 ya wanaume walioandikiwa prostatitis, yaani mwako wa tezi, hawakuwa na maambukizo. Kundi lao likapewa jina jipya ambalo ndani yake kuna maumivu sugu ya nyonga. Majaribio makubwa yakafuata, na mengi yakaangusha dawa zilizopendwa. Mwaka 2004 wanaume 196 walipewa siprofloksasini, tamsulosin, vyote viwili au kidonge kitupu. Hakuna kilichovizidi vingine. Mwaka 2008 alfuzosin, dawa ya jamii moja na tamsulosin, ilijaribiwa kwa wanaume 272 na matokeo yakawa hayo hayo. Mtu anayesoma karatasi hizi akiwa anajua ni siprofloksasini kiasi gani kinauzwa bila cheti katika miji ya magharibi ya Kenya hawezi kuzisoma kwa utulivu. Kila dozi ya bure humfundisha bakteria kuizoea dawa.

Mwaka huohuo wa 2008 Marekani ilianzisha mtandao wa utafiti uitwao MAPP. Uamuzi wake wa kwanza ulikuwa wa maana kuliko inavyoonekana: wanaume na wanawake wenye maumivu sugu ya nyonga wachunguzwe pamoja. Mwanamke hana tezi dume. Kama anaumwa mahali palepale, kwa namna ileile, kwa miaka ileile, basi kiungo kilichobebeshwa lawama kwa miaka 100 kinastahili kusikilizwa utetezi wake.

Kinachotazamwa sasa ni misuli na neva. Chini ya nyonga kuna sakafu ya misuli inayoshika kibofu, utumbo na viungo vya uzazi. Misuli hiyo ikikaza bila kulegea, kwa sababu ya jeraha, ugonjwa uliopita, kazi ya kukaa au hofu ya muda mrefu, inauma yenyewe na kusumbua kila kilicho jirani. Kisha kuna uti wa mgongo na ubongo. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba neva za uti wa mgongo zikipokea maumivu kwa nguvu huongeza usikivu wao, hata mguso mdogo ukapokelewa kama kidonda. Hapo kiungo kinaweza kupona kabisa na maumivu yakabaki. Ndiyo sababu mgonjwa anayepimwa na kuambiwa «huna kitu» anasema kweli anapojibu kwamba anaumwa. Mwaka 2020 chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipoandika upya maana ya maumivu, kiliongeza maelezo kwamba kauli ya mgonjwa iheshimiwe; na orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 imeyapa maumivu sugu nafasi yake yenyewe kama ugonjwa.

Tiba zinazofuata fikra hiyo ni za mikono zaidi kuliko za vidonge: mtaalamu wa viungo anayeilegeza sakafu ya nyonga na kumfundisha mgonjwa kupumua na kuiachia, mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kwenye msamba, ushauri wa kisaikolojia, mchanganyiko wa tiba kulingana na dalili za kila mtu. Mwaka 2021 madaktari wa China walitangaza jaribio la wanaume 440, nusu yao wakitibiwa kwa sindano za jadi za Kichina mara 20 kwa wiki nane. Asilimia 60.6 walipata nafuu ya kuonekana, dhidi ya 36.8 ya waliochomwa sindano za kuigiza, na nafuu haikutoweka miezi sita baadaye. Upande wa wanawake kuna somo la kinyume: gabapentin, kidonge cha neva kilichokuwa kikiandikwa sana, kilijaribiwa Uingereza kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga yasiyo na chanzo kinachoonekana, na mwaka 2020 ikatangazwa kwamba hakikuzidi kidonge kitupu ila kwa madhara.

Na gome? Kwa mwanaume huyu wa pili ushahidi wake ni mwembamba mno. Sifa zake zilipatikana kwa mzee mwenye tezi iliyovimba, kisha zikaazimwa na kila mtu mwenye shida chini ya kitovu, Ulaya kwenye maduka na kwetu sokoni. Sehemu fulani ya misitu iliyobanduliwa ilikwenda kwa watu ambao tezi zao hazikuwa na neno. Ni kiasi gani, hakuna daftari lililowahi kutenganisha.

Elgon yenyewe ina masaibu mengine. Msitu wa upande wa Kenya ulitangazwa hifadhi ya serikali mwaka 1932, mbuga ya wanyama ikafuata 1968, na Chepkitale ikafanywa hifadhi mwaka 2000 juu ya vichwa vya Waogiek, mpaka mahakama ya Bungoma iliposema mwaka 2022 kwamba hilo lilivunja katiba. Huku chini tumbaku ilikuwa na tanuri zake: jani halikauki bila kuni, na kuni nyingi. Wakulima walihimizwa kupanda miti, wakapanda mikaratusi, ambayo kwa miaka michache inatoa nguzo za kuuza. Muiri haushindani hapo. Unangoja miaka 15 hivi kabla ya kuzaa vizuri, na mbegu zake haziwekwi ghalani. Hazidumu, kwa hiyo ni vyema zioteshwe mara zinapookotwa. Watafiti wa kilimo-misitu wa ICRAF, wenye makao makuu Nairobi, wametumia miaka mingi kutafuta namna ya kuufanya mti wa shambani. Mkulima anayeupanda leo anabashiri bei ya gome ya wakati ambapo mtoto wake atakuwa mtu mzima.

Dawa yenyewe ingali inauzwa. Katikati ya muongo wa 2010 kamati ya dawa za mimea ya Wakala wa Dawa wa Ulaya iliichunguza upya na kuipa daraja la matumizi ya jadi: inaruhusiwa kwa shida za mkojo za tezi iliyovimba, baada ya daktari kuhakikisha hakuna ugonjwa mbaya zaidi, na ruhusa inatokana na kuzoeleka kwake kwa miaka mingi, kwa kuwa majaribio hayakuonekana kutosha. Sheria ya Ulaya inataka dawa ya namna hiyo iwe imetumika kwa miaka 30, na angalau 15 kati ya hiyo iwe ndani ya Umoja wa Ulaya. Kwa kipimo hicho jadi iliyoipatia dawa kibali ni ya wateja wa maduka ya Ufaransa na Italia. Maji mekundu ya maumivu ya tumbo hayamo kwenye waraka huo, na maumivu sugu ya nyonga hayamo pia.